Mikono Mapajani

Mama hakuwahi kupanda ndege mpaka siku ile nilipomtafutia kiti mwenyewe, dirishani, usawa wa bawa la kushoto. Mimi nilikuwa mbele, rubani msaidizi, na rubani mkuu alikuwa yule tuliyempachika jina la Konokono. Si mbele yake, bila shaka. Mtu anakoroga chai mpaka inapoa! Anaizunguka ndege kabla ya safari kana kwamba anataka kuinunua! Nilipoona nimepangwa naye, nilisonya.

Safari ilikwenda vizuri. Tulikuwa tumeshaanza kushuka, uwanja unaonekana, lami inang'aa kwa mvua iliyotoka kunyesha, Konokono alipoagiza flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa ili ndege ipunguze mwendo bila kuanguka. Nikasogeza kishikio. Vibao vikashuka kidogo, kisha vikagoma, vya kushoto vikiwa vimeachwa na vya kulia. Taa ya onyo ikawaka. Mkono wangu ukarudi kwenye kishikio bila kuniuliza: nivipandishe, nivishushe tena, tutue, yaishe.

"Mikono mapajani," alisema Konokono.

Hiyo ndiyo desturi yake. Kitu kikiharibika, ndege ikiwa inajiendesha yenyewe na imeshika njia yake, kila mtu aweke kwanza mikono mapajani, avute pumzi, ndipo aguse chochote. Kwenye chumba cha mapumziko cha marubani tulikuwa tukimwigiza mpaka tunashika mbavu.

"Kapteni, uwanja si huu hapa? Na mama yangu yuko nyuma!"

"Ndiyo maana nakwambia, binti. Ukivilazimisha, upande mmoja unaweza kushuka peke yake, ndege ikabiringika. Mikono mapajani."

Nikaiweka, nimenuna.

Tukaacha kutua, tukapanda, tukaanza kuzunguka. Nilisoma kitabu cha dharura kwa sauti, na yeye alirudia kila mstari kabla ya kuutekeleza. Kitabu nacho kilisema kishikio kisiguswe. Kisha akaniachia hesabu. Flapu zikiwa zimeshuka kidogo tu, ndege inagusa ardhi kwa kasi, na kasi inataka njia ndefu. Nilipiga hesabu, nikairudia. Ile njia niliyokuwa naikimbilia, fupi na imelowa, isingetutosha. Tungeipita yote na kuishia kwenye uzio, mama akiwa dirishani.

"Haitoshi, Kapteni," nilisema.

"Haya. Tuombe njia ya pili, ile ndefu, na zimamoto wawe tayari."

Hakuniuliza kama nimeona sasa. Alimwita mkuu wa wahudumu, akamweleza jinsi ya kuwaandaa abiria, kisha akachukua kipaza sauti na kuwaambia wote kwamba tutachelewa, tutatua kwa kasi kuliko kawaida, na tumejiandaa. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuomba chai.

Lami ilitujia mbio. Matairi yakagonga, breki zikanguruma, njia ikazidi kuliwa, ikaliwa, mpaka tukasimama. Mbele yetu lami ilikuwa bado imebaki. Watu wa zimamoto walikagua magurudumu yaliyopata moto, mmoja akainua kidole gumba. Nililia, wala sikujificha.

Mama alitoka wa mwisho, mkoba kwapani. Konokono alivua kofia.

"Utuwie radhi, mama. Tumekuchelewesha."

"Haraka ya nini, baba?" Mama alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwanangu si alikuwa na wewe?"

Nilimwambia Konokono asante palepale. Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku hiyo, mpaka ameniomba niache. Basi nikipangwa naye, chai yake naikoroga mimi. Mpaka ipoe.