Jina la Pili ni la Baba

Mwalimu Klachi alifundisha udereva mpaka magoti yalipomkatalia, na mjini kwao ilikuwa kazi kumpata mtu mzima mwenye leseni ambaye hakuwahi kufokewa naye. Jina hilo la utani alipewa na wanafunzi, naye akalipenda kuliko lile la kwenye cheti. Alipofiwa na mkewe alihamia kwa binti yake mdogo, fundi wa meno ya bandia, na huko ndiko kusahau kulikomwanzia. Alisahau miwani, akasahau majina ya wajukuu, kisha akasahau msiba wenyewe. Kuna asubuhi aliuliza mama yenu kaenda wapi, na akiambiwa ukweli alilia upya, kama mtu anayepata habari hizo kwa mara ya kwanza.

Fundi alianza kuandika kwa kukosa wa kumweleza. Dada yake mkubwa aliishi upande mwingine wa mji, na nyumba yake ilijaa watoto na makelele yao. Kazini nako, mashine ya kusugulia meno haikuacha nafasi ya soga. Basi akafungua blogu. Palipotakiwa jina akaandika yote matatu, la kwake, la baba na la babu, akabandika na picha yake akiwa na koti jeupe la kazi. Hakuona cha kuficha. Aliamini wanaojificha ni wale wanaotaka kuwachafua wenzao, na yeye alikuwa anamwandika mtu anayempenda.

Na mkono wake ulikuwa mwepesi. Aliandika jinsi mzee alivyokaa kwenye kiti cha plastiki nje ya geti lao la bluu akisubiri wanafunzi, na jinsi alivyowaelekeza wapita njia walioegesha magari: kata kushoto, nyoosha, kata tena, unaogopa nini? Aliandika kwamba mzee hataki sukari kwenye chai. Akaandika kwamba marehemu mkewe alimwita Abiria, kwa kuwa maisha yake yote aligoma kujifunza kuendesha. Aliandika pia siku mzee alipojikojolea dukani, na namna yeye alivyomfunga sweta kiunoni wakatoka taratibu, wameshikana mikono, wakizungumzia bei ya mafuta ya taa. Habari hiyo ndiyo iliyosomwa kuliko zote. Watu asiowajua walimwandikia kwamba wamelia, kwamba wamewapigia simu baba zao. Aliyasoma maoni hayo jikoni akisubiri maji yachemke, na moyo wake ulitulia.

Dalili ya kwanza kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo ilitokea kazini. Daktari wa meno, bosi wake, alimwita pembeni.

"Sikukatazi kuandika," alisema. "Ila kuna mama leo kakataa umpime. Anasema akifungua mdomo mbele yako, kesho ataukuta mtandaoni."

"Daktari, sijawahi kumwandika mgonjwa hata mmoja."

"Mimi najua. Yeye hajui."

Wakacheka, yakaisha. Lakini tangu siku hiyo alianza kuona wagonjwa wengine wakimtazama kwanza yeye, halafu mlango.

Mchana mmoja akiwa anapanga meno kwenye nta, simu yake iliita. Alikuwa jirani, mama mtu mzima aliyejitolea kumwangalia mzee saa za kazi.

"Mwanangu, huyo binamu yenu atamrudisha mzee sasa hivi, au chakula nikifunike?"

"Binamu gani, mama?"

"Huyo mwenye gari jeupe. Kaja vizuri tu, shikamoo Mwalimu, shikamoo mama. Nilipotaka kumtilia mzee chai akaniambia usihangaike na sukari. Akamuulizia na habari za Abiria, mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikasema huyu ni wa humo humo ndani."

Binamu aliokuwa nao fundi walikuwa wanatembea kwa miguu. Aliacha meno ya watu juu ya meza, akampigia dada yake, akatoka na koti lake jeupe mwilini.

Dada alipitia kituo cha polisi kwanza. Askari aliyechukua maelezo alimuuliza ni nani anayezijua tabia za mzee kiasi hicho, na dada akamjibu, "Mtu yeyote mwenye simu." Alipofika nyumbani alimkuta mdogo wake amesimama getini, na jirani ameketi kwenye kile kiti cha plastiki akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Dada hakumfokea yeyote. Alitoa simu, akaitafuta ile blogu na kuanza kusoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma mashitaka mahakamani.

"Geti la bluu. Umeweka na picha yake. Umeeleza unatoka saa ngapi kwenda kazini. Umeeleza mama hapa husinzia kidogo baada ya chakula cha mchana." Jirani aliinamisha kichwa. "Umeeleza kwamba mtu akimwita Mwalimu, baba humfuata popote."

"Nilikuwa naeleza anavyoishi, dada."

"Umemwelekeza mwizi, mdogo wangu. Sawa, hukukusudia. Halafu na hili jina."

"Jina ni langu. Nisiandike kwa jina langu?"

"La kwanza ni lako. La pili ni la baba. Na hilo la tatu ninalo hata mimi, nimesainia nalo mkopo wa nyumba." Akaiweka simu mkobani. "Hapo dukani, ile siku ya suruali, hukujianika peke yako."

Mpaka saa ile, kila fundi alipoisoma ile habari, aliona sweta, mikono miwili iliyoshikana na huruma ya watu wasiomjua. Sasa aliiona suruali.

Jua lilikuwa bado halijazama gari jeupe lilipoingia mtaani, likienda kwa kushtukashtuka. Kijana mmoja wa rika la fundi mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Mzee alikuwa pembeni yake, mgongo umenyooka, mkono juu ya breki ya mkono, uso umekunjuka kama wa bwana harusi.

"Ana kichwa kizuri," aliwaambia binti zake akishuka. "Kasoro yake anaachia klachi haraka. Kesho tutaendelea."

Jirani akampeleka ndani. Yule kijana alibaki amesimama kando ya gari, funguo mkononi, na alipoziona zile nyuso mbili alielewa.

"Samahanini," alisema. "Sikuwa na nia mbaya. Mimi ni msomaji wako, dada. Sijakosa hata andiko moja. Baba yangu alikwenda hivi hivi, kwa kusahau, na mimi nilikuwa mbali, sikumuwahi. Nilitaka mchana mmoja tu."

"Umepajuaje hapa?"

"Jina la mzee lipo kwenye jina lako. Nikauliza pale kwenye maduka, kila mtu anapajua."

"Kwa nini hukuniandikia ukaomba?"

"Niliogopa utakataa."

"Basi jibu ulikuwa nalo."

Kijana alitazama chini. "Naona kama nawajua," alisema kwa sauti ndogo. "Kama ndugu zangu."

"Wewe unatujua," fundi akasema. "Sisi hatukujui hata kidogo."

Hilo alilisema bila hasira, na lilimtisha yeye mwenyewe kuliko alivyotarajia. Mtu huyu alikuwa amelia naye, pengine alikuwa mmoja wa wale waliomtuliza jikoni, na bado angeweza kuwa mtu yeyote. Dada aliongozana naye hadi kituoni kufuta ile taarifa. Kijana alikwenda bila ubishi, akaonywa, akaachiwa. Hakurudi tena. Kilichomuuma fundi ni kwamba mzee, ambaye alisahau mpaka alichokula, alimuulizia yule mwanafunzi siku kadhaa.

Dada alitaka kila kitu kifutwe jioni ile ile. Fundi aliomba amuulize mzee mwenyewe kwanza. Akangoja asubuhi ambayo mzee aliamka na akili zake, akamwita kwa jina na kulalamikia gazeti. Akaketi karibu naye, akamweleza, kisha akamsomea. Mzee alisikiliza kwa makini, kichwa upande. Kwenye kiti cha plastiki alitabasamu. Kwenye Abiria alifumba macho. Habari ya dukani fundi alitaka kuiruka, akajizuia, akaisoma yote.

Mzee alijifutafuta magoti.

"Hii wamesoma wangapi?"

"Wengi, baba."

"Na wanafunzi wangu?"

"Nadhani na wao."

Alitikisa kichwa taratibu. "Umeandika vizuri. Nimejiona kabisa. Lakini ungeniuliza, mwanangu. Nipo hapa, siku zote nipo hapa."

Fundi alifuta andiko la dukani mbele yake, kisha lenye geti, kisha mengine. Baadaye aligundua kwamba habari hiyo ya dukani ilishanakiliwa kwingine, imesambazwa na watu wema walioiongezea picha ya mzee mwingine kabisa na maneno ya kuliza. Aliwaandikia baadhi yao. Wachache walijibu.

Blogu haikufa, na majina yote matatu yalibaki juu yake, maana dada mwenyewe alisema kuyaondoa sasa ni kufunga mlango wakati wageni wameshakaa sebuleni. Aliandika zaidi kuhusu kazi yake, kuhusu plasta na nta, na jinsi mtu anavyojifunza upya kutamka jina la mkewe akiwa na meno mapya. Wasomaji walipungua. Yule mama aliyekataa kupimwa alirudi, akafungua mdomo, akafumba macho kwa tahadhari.

Kuhusu baba yake alikuwa bado anaandika, ila kila andiko alimsomea kwanza, na si mara moja. Siku nyingine mzee alisema weka, watu wacheke. Siku nyingine, andiko lile lile, alikunja uso akasema hapana, hilo ni la kwetu. Mwenyewe hakukumbuka kwamba aliwahi kuulizwa. Ilitosha akatae siku moja tu, fundi hakumuuliza tena. Andiko hilo alilihifadhi bila kulichapisha, akafunga kompyuta, akamtilia chai.