Sifuri ya Jenereta

Jana usiku niliota nimekifungua kipima gesi ofisini kwetu mgodini, na vihisi vyake vinne wametoka ndani, wamekaa kwenye benchi wanakunywa chai. Sikushtuka. Mimi ndiye fundi wa vipimo hapa na vihisi vyangu nawajua.

"Shikamoo," nikamwambia kihisi cha oksijeni. Ana miaka miwili, na kwa vihisi huo ni uzee.

"Marahaba, Kabula. Kaka yako Mhoja anashuka shimoni asubuhi?"

"Anashuka. Nyie ndio mtamwambia kama kuna sumu chini."

Wakatazamana. Kihisi cha gesi ya moshi, ile inayoua bila harufu, akaweka kikombe chini.

"Mimi nitamwambia hamna kitu."

"Kwa nini?"

"Jana msaidizi wako Bundala alituwekea sifuri. Alituchomeka kwenye chaji kando ya jenereta linalonguruma, akabonyeza kitufe, akasema hii ndiyo hewa safi, ishikeni. Nikaishika. Mimi si mbishi."

Nilikasirika sana. Huyo Bundala nimemwambia mpaka mate yamenikauka: sifuri haiwekwi penye moshi, hata kama soketi iko hapo hapo.

"Inukeni," nikasema. "Twendeni kwa Hewa Safi."

Ofisi inakuwa kilima. Napanda na vihisi mgongoni, nimewafunga kwa kanga, mmoja analalamika kwamba namkandamiza. Kileleni, juu ya jiwe, Hewa Safi anapiga pasi shati lisiloonekana. Ni mama mwembamba, hana haraka.

"Mna miadi?"

"Hatuna, mama. Tunaomba sifuri."

"Mbona mnayo?"

"Ile ni ya jenereta."

"Irudisheni kwanza. Mtu hapewi sifuri mbili."

Nikaona anasema kweli. Kilima kinakuwa mdomo wa shimo. Jenereta limechuchumaa pale, linachokonoa meno.

"Chukua sifuri yako," nikaliambia.

"Nikishatoa sipokei."

Nachungulia chini. Mhoja ameegemea ukuta, macho mazito, kipima gesi kifuani kinamwimbia: sifuri, sifuri, endelea kaka.

"Mhoja, panda!"

Anatabasamu kwa usingizi. "Acha wasiwasi, Kabula. Mashine imesema salama. Si wewe uliyenifundisha niiamini?"

Nikaamka.

Kipima gesi kilikuwa mezani, maana huwa nakuja nacho nyumbani. Nikakiwasha, nikatoka nacho uani, kwenye upepo mtupu wa alfajiri. Hapo gesi ya moshi inatakiwa isome sifuri.

Ilisoma kumi na mbili chini ya sifuri. Yaani uani kwangu, penye banda la kuku, hewa ni safi kuliko safi yenyewe.

Nikampigia Mhoja kabla sijavaa viatu.

"Kaka, usishuke."

"Bundala kasema mashine iko tayari."

"Kunywa chai, kaka. Nakuja."