Kwaya Iliyopoteza Rangi

Ukitaka kujua mtu anaimba sauti gani katika kwaya ile, usijisumbue kumsikiliza, mtazame vidole. Wenye vidole vyekundu walikuwa sauti ya kwanza, wa kijani ya pili, wa bluu ya tatu. Wenye vidole vya zambarau walikuwa besi, na kinara wao alikuwa fundi mwashi mmoja aliyeitwa Radi, kwa sababu alipoimba watoto wachanga waliamka mtaa wa pili. Mwalimu wa kwaya aliandika nyimbo zake zote namna hiyo: sauti nne zimebanana kwenye ukurasa mmoja, maneno na do-re-mi zake, kila sauti kwa rangi yake. Mwambie Radi aimbe besi, atakukodolea macho. Mwambie aimbe zambarau, ujishike vizuri.

Vidole vilipata rangi kwa sababu ya printa. Ilikuwa printa ya wino, imewekwa sebuleni juu ya stuli yake, na kwa kuwa ilidekezwa kuliko binadamu yeyote ndani ya nyumba ile, mke wa Mwalimu aliiita Bi Mkubwa. Ee, Bi Mkubwa alikuwa na nongwa! Wino mwekundu ukimwishia, alikataa kuchapa hata mweusi. Akikaa siku kadhaa bila kazi, matundu yake yaliziba, na Mwalimu alilazimika kukaa chini na pamba na maji ya uvuguvugu amkande kama mzazi. Siku akiridhia, alitoa ukurasa kwa kukohoa, nao ulitoka mbichi, wa kuanikwa.

Kuanika ilikuwa kazi ya binti. Tangu utotoni alizitundika nyimbo za babake kwenye kamba ya nguo, kati ya mashuka na soksi. Hata zikikauka, jasho la mikono lilitosha kuuamsha wino, ndiyo maana kwaya nzima ilitembea na vidole kama watu waliotoka kupaka nyumba rangi.

Sasa binti alikuwa anaolewa na kuhamia mji mwingine. Mwalimu hakujaliwa maneno matamu. Walipomuuliza anajisikiaje kumtoa mtoto wake wa pekee, alijibu kwamba viti vya ukumbini vimeshapatikana. Lakini alikuwa ametunga wimbo. Yote aliyoshindwa kumwambia bintiye tangu siku aliyompokea mikononi mwa mkunga, aliyatia humo, ili kwaya imsemee mbele za watu. Wimbo ukiharibika siku hiyo, binti angeondoka bila kuambiwa, na Mwalimu alijijua: kwa barua asingeweza, kwa simu ndiyo kabisa.

Wiki yenyewe ya harusi binti akaingia na boksi, amelikumbatia mikono haikutani.

"Baba, nani atakuanikia karatasi nikiondoka?" alisema. "Nimekuletea mashine isiyoanikiwa."

Ilikuwa printa ya leza. Waliichomeka, Mwalimu akaandika neno moja tu, JARIBIO, akabonyeza. Mashine ikavuta pumzi, ikanguruma, na kabla hajamaliza kuinama, karatasi ikatoka. Kavu! Ina joto kama mkate! Mwalimu akaisugua kwa kidole gumba. Hakuna kitu. Akalamba kidole, akasugua tena. Hakuna kitu. Akaimwagia matone ya chai, na JARIBIO likamtazama vilevile, jeusi tii, halina habari.

"Haifutiki!" Mwalimu alipiga kelele. "Mama, njoo! Haifutiki!"

Basi wazimu ukaingia nyumbani. Wakachapa CHUMVI wakabandika kwenye chumvi, wakachapa SUKARI, MLANGO, DIRISHA, na USIGUSE ambayo haikupata pa kubandikwa kwa sababu walikuwa wanagusa kila kitu. Binti alimbandika babake mgongoni MALI YA MAMA. Mwalimu aliziweka karatasi za moto mashavuni, akafumba macho.

"Kwa hiyo huyu ndiye bi mdogo," alisema mkewe.

"Kijana, ana joto, na hagombi," Mwalimu akajibu, na mto wa kochi ukampata sawasawa usoni.

Katika furaha ile ile akambeba Bi Mkubwa mpaka kwa jirani, fundi redio, ambaye siku zote aliimezea mate mota yake ndogo. Mkewe alimwita kutoka mlangoni: "Usiache mbachao kwa msala upitao, mume wangu!" Naye akajibu bila kugeuka kwamba kipya kinyemi, akasahau kwamba methali hiyo ina kipande cha pili kinachotaja kidonda.

Aliporudi aliufungua wimbo wa binti, akachapa. Kurasa zikamiminika, yeye akizipokea huku akicheza mabega. Kisha akaitazama ile ya juu, mabega yakasimama.

Maandishi yote yalikuwa meusi. Nyekundu nyeusi, kijani nyeusi, bluu nyeusi, zambarau ndiyo usiseme. Akabonyeza kila kilichobonyezeka. Akafunua kifuniko, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta kuku bandani. Mlikuwa na katriji moja peke yake ya wino wa unga, na haikuwa na dada wala ndugu.

"Baba, inafanya kazi?" binti aliita kutoka jikoni.

"Inafanya, mwanangu! Inafanya mpaka basi!"

Angemwambiaje? Mtoto amelibeba boksi lile kwa mikono yake, macho yanamng'aa, halafu aambiwe zawadi yake imeukata ulimi wimbo wake mwenyewe? Afadhali afe nalo. Akatoka mbio kwa jirani. Bi Mkubwa alikuwa ametapakaa mezani vipande vipande, na mota yake ilikuwa imeshafungwa panga za plastiki, inampepea fundi redio kwenye paji la uso.

"Naweza kukurudishia, Mwalimu," alisema fundi kwa raha zake, "ila sikuahidi kitakachotoka kitakuwa printa."

Jioni ile kwaya ilikutana kwa mazoezi ya kwanza na ya mwisho ya wimbo ule. Kwanza walishangilia karatasi zilizokuwa bado na joto, wakazinusa, wakakandana nazo shingoni. Halafu fundi cherehani, kiongozi wa sauti ya kwanza, mwanamke mwenye sauti nyembamba ya kupita tundu la sindano, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi ni ipi hapa?"

"Wewe ni nyekundu."

"Naona. Nyekundu iko wapi?"

"Safari hii," alisema Mwalimu, jasho linamtoka, "wimbo uko kwa rangi ya heshima."

Wakaimba. Kila mmoja aliona mstari wa juu ndio wa kwanza kuonekana, na kila mmoja akaushika huo huo, Radi akiwa mbele. Watu wa kijani wakalalamika kwamba wamedharauliwa. Mmoja wa bluu akasema yeye ameimba bluu tangu ujana wake na hatazeekea kwenye nyeusi. Mwalimu akawaruhusu waende, akarudi nyumbani maji yamemfika shingoni.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamaliza kanga aliyokuwa anaikunja, akaiweka.

"Mashine haichoki, karatasi zipo tele. Si uipe kila sauti ukurasa wake?"

Mwalimu akajipiga paji la uso. Miaka yote alizibana sauti nne kwenye ukurasa mmoja kwa kumwogopa Bi Mkubwa, na kubana kukawa tabia, na tabia ikawa sheria. Hata baada ya kumwondoa mlangoni, alikuwa bado anamtii! Akamnyanyua mkewe, akamzungusha sebuleni mpaka stuli ikaanguka, na mkewe akampiga begani akimwambia amshushe, ana mgongo mbovu.

Asubuhi ya harusi alichapa mafungu manne, laini, yamenyooka, yote meusi. Akayatia kwenye begi lake, akavaa suti, akatoka akipiga mluzi. Kumbe hakuandika juu ya karatasi hata moja kwamba hii ni ya kwanza na hii ni besi. Kwa nini aandike? Maisha yake yote rangi ndiyo iliyosema.

Aligundua ukumbini, kwaya imeshasimama na watu wote wametulia. Alitoa mafungu manne yanayofanana kama mayai. Akapepesa macho. Akajaribu kusoma la juu, lakini miwani ilikuwa imebaki kwenye koti la jana. Bintiye alikuwa amekaa pale mbele, amevaa nguo nyeupe, anamtabasamia. Mwalimu akagawa kwa kubahatisha, roho mkononi, akainua mkono.

Radi akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya kwanza. Alipanda nayo, maskini, kwa uaminifu wote, mishipa imemtoka shingoni, mpaka mahali ambapo hakuna mwashi aliyewahi kufika bila ngazi. Upande wa pili fundi cherehani aliteremka na besi, akateremka, akateremka, sauti ikamwishia viatuni. Sauti ya pili na ya tatu walibadilishana, wakatazamana, wakarudishiana, wakapotea wote. Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Kisha wimbo ukaanguka.

Mwalimu alisimama na mkono wake hewani. Aliwaza kusema kuna hitilafu. Aliwaza kukimbia; mlango haukuwa mbali. Badala yake akageuka. Mtu huyu siku zote aliwapa watazamaji mgongo, wakamjua kwa kisogo na mabega tu. Sasa uso wake ulikuwa unamwelekea bintiye, na hapakuwa na kwaya kati yao. Akafungua kinywa akaimba mwenyewe.

*Ulikuja mdogo, nyumba ikawa kubwa,*
*leo unatoka, milango naiacha wazi.*

Jamani, tusifichane. Ilikuwa sauti mbaya. Ilikwaruza, ikapasuka katikati, ikaruka noti mbili na kuikanyaga ya tatu. Mwalimu aliisikia mwenyewe, masikio yakamwaka moto, lakini hakuacha. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili unaosema nyumba itakuwa na utulivu asiouomba, akaimba mpaka mwisho, machozi yanamtiririka kwenye suti bila kuona haya. Radi alidondosha karatasi akaanza kuvuma chini chini nyuma yake, akikisia. Wengine wakamfuata, kila mtu na kisio lake, na kwa bahati ya Mungu makisio yakapatana.

Binti alishainuka zamani. Alikuja mbio ameshika gauni kwa mikono yote miwili, akamrukia babake shingoni, akawa anacheka na kulia, hajui aanze na kipi.

"Mwanangu," Mwalimu alimnong'oneza, kwa kuwa sasa alikuwa ameanza kusema na hakuona sababu ya kunyamaza, "mashine yako haitoi rangi."

"Najua, baba. Imeandikwa kwenye boksi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umesoma!" Alijipangusa pua kwa shela, mamake akamkemea kwa macho. Akamshika babake mashavu, akamtazama kama mtu aliyekutana naye siku hiyo. "Ila hili la kwamba huwezi kuimba, baba, hili halikuandikwa popote. Miaka yote hii!"

"Ndiyo maana nilitafuta kwaya," alisema Mwalimu.