Pamba Aliyoikalia Nyanjige

Lori jekundu lilisimama mbele ya nyumba ya Maximiliana asubuhi ya Jumatatu, na karani wa ununuzi, kijana aitwaye Keneth, akashuka na mzani begani kama mtu anayerudi kwake. Huo ulikuwa msimu wa pili tangu kampuni za watu binafsi ziruhusiwe kununua pamba vijijini, na Keneth alikuwa ameletwa Bariadi kutoka Dar es Salaam wiki tatu tu zilizopita.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia, akijivunia salamu ya Kisukuma kwa mama, aliyofundishwa na dereva wake.

"Mwangaluka, baba."

"Nimeambiwa pamba yako iko ndani, tena safi. Tuipime?"

"Iko ndani, kweli. Ila haitoki. Mtoto ameikalia."

Keneth akacheka kidogo. "Basi tumwinue, mama."

"Akiinuliwa ataanguka."

Keneth alisubiri aambiwe zaidi. Maximiliana aliendelea kupepeta mtama wake, na baada ya muda lori jekundu likaondoka tupu.

Mtoto mwenyewe alikuwa Nyanjige, binti wa miaka sita, mzaliwa wa uchungu wa siku mbili. Shingo yake ilikuwa laini, miguu ilikaza kama vijiti, macho yaliona mwanga na vivuli, sikio la kulia halikusikia kitu, na mara moja au mbili kwa mwezi degedege lilimtikisa. Alikuwa hajatamka neno. Watu walikuwa na majina mengi ya hali hiyo, na dawa nyingi zaidi ya majina. Mtu wa kwanza kumwambia Maximiliana jambo linaloweza kufanyika alikuwa Felisita, muuguzi wa zahanati ya misheni.

"Mtoto anayeshinda amelala chali anajifunza paa la nyumba tu," alisema Felisita. "Mkalishe, mama. Akikaa, mikono itapata kazi, na macho yatapata cha kutafuta."

Akaandika barua kuomba kiti maalumu cha mtoto. Barua ilikwenda Mwanza, ikaenda na mbele zaidi, kwa wafadhili. Kiti kilifika baada ya miezi kumi na moja, ndani ya sanduku la mbao, na wanaume wanne walihitajika kukishusha. Kilikuwa kiti cha daktari wa meno. Kilikuwa na taa, kanyagio, na kibakuli cha kutemea mate. Felisita alisoma karatasi yake mara tatu: mpokeaji ni Nyanjige binti Mayala, jinsi ya kike, miaka mitano, hakuna kosa hata la herufi moja. Walimjaribu humo. Alizama kama kiazi kwenye gunia. Tangu hapo kiti kilibaki barazani mwa zahanati, na siku za Jumamosi wazee walikitumia kunyolea ndevu.

Basi pamba ilipovunwa ikajazwa chumba cha pili mpaka karibu na dirisha. Siku moja Maximiliana, mikono imejaa vyombo, alimweka Nyanjige juu ya lundo apate kufungua mlango. Kiuno cha mtoto kikazama polepole. Pamba ikamshika mbele, nyuma, kulia na kushoto, kama watu wanne wenye subira. Na kichwa chake, kilichozoea kuning'inia, kikainuka. Nyanjige akautazama mlango. Hakuutazama kwa kuupindia jicho kutoka chini, bali ana kwa ana, kama watu wengine wanavyoutazama. Maximiliana alisimama na vyombo vyake mpaka mikono ikamuuma, akiogopa kwamba akihema kwa nguvu mambo yataharibika.

Felisita alikuja kesho yake, akatandika shuka juu ya pamba kuzuia vumbi, akaweka masharti. Akae muda mfupi, mara nyingi kwa siku. Miguu inyooshwe kwanza. Aitwe kutoka kushoto, kwenye sikio zima. Awekewe kopo lenye kokoto mahali ambapo mkono utalazimika kulifuata. Na asiachwe peke yake, kwa sababu ya degedege.

Mume wa Maximiliana, Mayala, alikuwa mtu wa maneno machache. "Sasa tutauza nini?" aliuliza.

"Mpunga."

"Na tutakula nini?"

"Mtama."

Mayala alitoka akaenda kuwatazama ng'ombe wake. Alipomaliza kuwatazama akarudi. "Basi akae," akasema.

Hayo yote Keneth hakuyajua. Kwenye taarifa yake aliandika: *Mkulima anasubiri bei ipande.* Kampuni ikapandisha bei. Siku ya Jumatano lori la bluu la kampuni nyingine likaja, karani wake akapewa jibu lile lile, naye akaandika maneno yale yale. Bei ikapanda tena. Kijiji kikaanza kumtazama Maximiliana kwa heshima mpya. Ikasemwa ana ndugu yake Mwanza anayesikiliza redio za nje. Ikasemwa huyu mama ameielewa hii biashara huria kuliko makarani wenyewe. Kufika Ijumaa hakuna aliyekuwa anauza.

Keneth alizunguka nyumba kwa nyumba. Kwa Masele, jirani wa Maximiliana, alimkuta mama yake mzazi Masele amezamishwa kwenye pamba hadi kiunoni, kiko cha tumbaku mdomoni, kisichowashwa kwa ajili ya usalama.

"Akiinuliwa ataanguka," alisema Masele kwa huzuni.

"Siinuki," bibi akathibitisha.

Nyumba ya pili, mwanamke mmoja aitwaye Joyness alikuwa amejikalisha mwenyewe, anamenya viazi. Kwa fundi cherehani Shida, aliyeishi peke yake, pamba ilikuwa imekaliwa na mbuzi.

"Na huyu?" aliuliza Keneth.

"Ataanguka," alisema Shida.

Mbuzi akasimama, akajikung'uta, akatoka mlangoni. Shida akamsindikiza kwa macho. "Leo ana nafuu," akasema.

Mtendaji wa kata alipopata habari aliitisha mkutano, na katika mkutano huo akatumia neno mgomo. Lilikuwa neno la kuogopesha. Maximiliana alisimama na Nyanjige mgongoni.

"Mimi sijagoma," alisema. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu wengi. "Bei yenu siijui wala sijaiuliza. Mtoto wangu amejifunza kukaa. Anakaa kwenye pamba, kwingine hawezi. Mnaona nadanganya, twendeni mkaone."

Wakaenda wote, mtendaji akiwa mbele, Keneth na lori lake nyuma. Walipanga foleni uani, wakavua viatu bila kuambiwa, wakaingia wachache wachache. Nyanjige alinyooshwa miguu, akawekwa mahali pake. Keneth alichuchumaa upande wa kushoto, na funguo za lori zilizoning'inia kidoleni mwake zikalia. Kichwa cha mtoto kikageuka. Mkono ukaanza safari. Ulikwenda juu, ukapotea, ukarudi, ukasimama hewani kana kwamba umesahau shughuli yake. Watu hawakukohoa. Mtendaji alikuwa ameshika kofia kifuani. Hatimaye vidole vikafika, vikafumba, na funguo zikawa za Nyanjige.

Hakuziachia. Keneth alimbembeleza, dereva akamwimbia, Maximiliana akajaribu kumkunjua kidole kimoja kimoja, lakini mikono ya Nyanjige ilikuwa migumu kufumba na migumu zaidi kufumbua. Mwishowe akalala nazo. Lori lilisimama pale saa tatu nzima, na Keneth akakaa chini ukutani kumsubiri aamke. Katika saa hizo Maximiliana alimweleza yote, pamoja na kiti cha daktari wa meno.

"Sasa mimi niandike nini?" aliuliza Keneth, akifungua fomu yake. "Sababu za kutochukua pamba ni nne tu hapa. Bei, unyevu, uchafu, na moto."

"Andika mtoto."

"Hakuna nafasi ya mtoto, mama."

Alifikiri sana, kisha akafanya jambo ambalo hakuna karani aliyewahi kulifanya. Akainunua pamba yote palepale, akaiacha palepale. Kwenye kitabu aliandika kwamba mzigo umehifadhiwa Ghala Dogo Namba Nne. Namba moja, mbili na tatu hazikuwepo, lakini aliona nne ina uzito zaidi. Kijiji kilipojua Maximiliana ameuza, kikauza chote ndani ya siku mbili, na mama yake Masele akapata kuwasha kiko chake.

Sasa ghala lina kanuni zake. Baada ya wiki mbili ofisi ya Mwanza, iliyokwisha kuliona ghala hilo kwenye vitabu, ikaleta mlinzi. Alikuwa Bundala, mgambo mstaafu mwenye mvi, koti zito, filimbi, na daftari la taarifa za kila siku. Alimpigia saluti Maximiliana, akasimama mlangoni mwa chumba cha pili.

"Guku, babu yangu, ingia upumzike," Maximiliana alimwambia siku ya tatu.

"Niko kazini, mayu."

"Kazi yenyewe iko ndani."

Bundala akaona ni kweli, akaingia. Kuanzia hapo taarifa zake zilibadilika. Mwanzoni aliandika kila siku: *Pamba ipo. Hakuna tukio.* Wiki ya pili akaandika: *Pamba ipo. Imeshika kijiko.* Mwanza ikajibu kwa barua rasmi: *Fafanua taarifa ya tarehe 14. Pamba imeshikaje kijiko?* Bundala, mtu wa amri, akafafanua: *Kwa mkono wa kushoto.*

Felisita alimfundisha kunyoosha miguu ya mtoto, naye akaifanya kazi hiyo kama gwaride. "Kulia, nyoosha! Kushoto, nyoosha! Legeza!" Alipuliza filimbi polepole upande wa kushoto, na kila Nyanjige alipogeuka kuitafuta, mzee alisimama wima akampigia saluti. Mara moja degedege lilikuja Maximiliana akiwa kisimani. Aliporudi alikuta mtoto amelazwa ubavu juu ya koti la mlinzi, mdomoni hakujatiwa kitu, na Bundala amepiga magoti akihesabu kwa sauti muda wa degedege, jasho linamtiririka, kama alivyoelekezwa. Kwenye daftari siku hiyo aliandika neno moja tu: *Imepita.*

Maximiliana alilia kidogo jikoni, moshi ukampa sababu. Kwa miaka sita alikuwa mtu pekee duniani anayejua kuhesabu vile.

Mwezi Novemba mawingu yalipoanza kujikusanya, Mwanza ikamtuma mkaguzi aitwaye Januarius, mtu wa tai na mkoba, aje aone pamba inayokula kwa kijiko. Alikaa siku nzima. Aliona kila kitu, akanywa uji, akaguswa moyo kabisa. Kisha akasema pamba lazima iende kiwandani kesho, kabla ya mvua, maana imekwisha nunuliwa na imekwisha uzwa mbele, kwa wateja wa ng'ambo, na meli haiwezi kuambiwa habari za Nyanjige.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Wewe umetumwa tu," alisema Maximiliana. Lakini usiku ule hakula.

Asubuhi walipakia. Keneth mwenyewe alibeba magunia. Chumba cha pili kikawa kikubwa, cheupe kwa nyuzi sakafuni. Wakamkalisha Nyanjige kwenye mkeka. Kichwa kilisimama vizuri, tena imara kuliko zamani, lakini kiuno hakikuwa na wa kukishika, akainama upande kama mche uliomwagiwa maji mengi. Bundala akamdaka. Wakajaribu magunia matupu, wakajaribu mito, wakajaribu mkoba wa Januarius. Wanaume walisimama uani wakishauriana, kila mmoja na wazo, hakuna lililofaa.

Mayala aliondoka, akarudi na jembe na kipande cha kamba. Akamzungushia binti yake kamba kiunoni.

"Shika hapa," alimwambia Januarius.

Mkaguzi akashika ncha ya kamba, tai yake ikimgusa mtoto puani. Mayala akafunga fundo, akamvua kile kitanzi, akaenda kivulini uani kando ya ukuta, akaanza kuchimba. Alichimba duara la ukubwa wa kile kitanzi, kina cha mapaja ya mtoto, akachonga mbele mfereji wa miguu, akatandika gunia. Kisha yeye mwenyewe akamchukua Nyanjige, akamtelemsha humo taratibu, akasogeza mikono yake kando, lakini hakuipeleka mbali.

Nyanjige akakaa. Udongo ulimshika kama pamba ilivyomshika, labda kwa ubaridi kidogo, maana alikunja uso na kutoa sauti nzito ya malalamiko ambayo hawakuwahi kuisikia. Bundala akatafuta daftari lake mifukoni akakumbuka amekwisha lirudisha.

Lori liliondoka na dereva wake; Keneth alibaki. Masele alichungulia juu ya ua, akaona shimo jipya, jembe, na mtu wa Mwanza mwenye tai amejaa vumbi.

"Mayala," alinong'ona, "ni dhahabu?"

"Ni kiti."

Masele alitikisa kichwa chake kama mtu asiyedanganyika, akaenda kutafuta jembe lake.

Maximiliana alileta ugali na mlenda, akaketi chini mbele ya binti yake, macho yao yakawa sawa. Alifinyanga tonge dogo, akalishikilia upande wa kushoto, akamwita. Mkono wa Nyanjige ukaanza safari yake ndefu. Ulilifikia tonge, ukalibana, ukalipeleka kwenye sikio. Maximiliana hakumsaidia. Tonge likateremka shavuni, likavuka kidevu, likapanda tena, na watu wazima watano wakiwa wamefungua midomo bila kujijua, likaingia lilipotakiwa.

"Lingine," alisema Mayala.