Neno Alilofichwa Dobi

Mwalimu hakuwa mtu wa kutulia, lakini mwaka ule alizidi. Akikaa, goti lilicheza. Akisimama, alitafuta pa kukaa. Mama yake, aliyeishi naye, alimwambia kila siku, "Binti yangu, una siafu kwenye kiti."

Sababu aliijua mwenyewe. Tangu utotoni alisali asubuhi na jioni, bila kufikiri, kama anavyonawa uso. Siku moja, katikati ya sala, akajisikia kama mtu anayezungumza na simu iliyokwisha kukatika. Akanyamaza, akasikiliza. Tangu hapo hakusali tena. Mama alipogundua, chai ya saa kumi na moja ikageuka uwanja wa vita.

"Nilimwamini Mungu kwa sababu yako, Mama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ungenifundisha kuiamini sufuria, ningeiamini sufuria."

"Ndege hafundishwi kuruka," mama alijibu, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Mtu huzaliwa anajua kuna aliyemuumba. Mimi nilikupa jina lake tu."

"Umejuaje?"

"Nimejua."

Jibu kama hilo lilimwasha Mwalimu mwili mzima. Alitaka mtu mmoja tu, mmoja, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia lolote, amuulize.

Kazi yake ilikuwa kufundisha lugha ya ishara kwa viziwi watu wazima, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la balbu na nyaya. Ndiko alikoletwa Dobi.

Dobi alikuwa na miaka ishirini na saba, kiziwi wa kuzaliwa, hajawahi kukanyaga shule. Shangazi yake, aliyemlea tangu mama mtu afariki, alimfundisha kufua na kupiga pasi kwa kumshika mikono. Baina yao walikuwa na ishara za nyumbani zisizofika arobaini: kula, lala, moto, njoo, mbaya. Basi. Hakuwa na neno la kesho, wala la kwa nini. Siku alipolipata neno "jana" alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akataka kusimulia jana zake zote kwa mpigo.

Mwalimu alimfundisha peke yake, Jumanne na Alhamisi, maana wenzake walikuwa mbele mno. Mwezi wa pili, akifuta ubao, wazo likamshika na halikumwachia. Huyu hapa. Huyu hakuhubiriwa na mtu. Apate kwanza maneno ya kutosha kueleza yaliyokuwa kichwani mwake, kisha aulizwe. Ila akiulizwa kwa neno "Mungu", atakuwa ameshafundishwa. Neno lenyewe litakuwa limemtia mkononi kitu ambacho pengine hakuwa nacho.

Kwa hiyo akamficha maneno. Alitoa kwenye daftari la masomo ishara ya Mungu, na ya kuomba, na kuumba, na mbingu, na roho. Maneno kumi na mawili kwa jumla. Akajiambia ni subira ya mtu anayetafuta ukweli. Hata hivyo kila somo likiisha alishuka ngazi haraka haraka kama aliyeiba kitu.

Miezi minane ikapita hivyo. Dobi akafikisha maneno elfu na ushee. Akapata marafiki viziwi, mafundi viatu wa barabara ya pili, akawa anashinda nao Jumapili. Mwalimu alifurahi, na papo hapo akaingiwa na wasiwasi. Atamuuliza lini? Wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa nyingine.

Alhamisi moja Dobi aliingia bila kusalimia. Alisimama mbele ya meza, akainua mkono, akafanya ishara ambayo Mwalimu hakumfundisha.

"Hii ni nini?" akauliza kwa mikono.

Mwalimu aliitambua: ilikuwa ishara ya Mungu.

"Nimewauliza mafundi viatu, wakacheka," Dobi aliendelea. "Wanasema hii hufundishwa mwezi wa kwanza. Kila mtu anayo. Mimi sina. Kwa nini sina?"

Angeweza kusema alisahau. Lakini mikono husema uongo vibaya, na uso wa Dobi ulikuwa karibu sana. Akamweleza yote: ugomvi na mama, simu iliyokatika, swali, maneno kumi na mawili. Dobi alitazama mpaka mwisho.

"Miaka ishirini na saba nilikaa bila neno hata moja," alisema. "Watu walisogeza midomo, nikadhani wanatafuna. Wewe unajua mahali nilipotoka. Wewe! Halafu ukanifungia mlango tena."

"Nisamehe."

Lakini Dobi alikuwa amegeuka, na kwa kiziwi aliyegeuka huna tena pa kusemea.

Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Mwalimu alitembea chumbani ukuta hadi ukuta, mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza kama kuna fundi anapima sakafu. Jumamosi asubuhi akafunga safari hadi kwa akina Dobi, mahali pao pa kufulia.

Palikuwa na joto la mvuke. Shuka nyeupe zilining'inia pande zote, na nyuma yake shangazi alikuwa akisuuza kwenye beseni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Huyo mwenzio kanuna wiki nzima, ananichomea mashati ya watu. Mmegombana nini?"

Dobi alikuwa mezani, pasi mkononi. Alimwona Mwalimu, akaendelea na kola. Mwalimu akasimama pale akingoja. Dobi akamaliza kola, akamaliza mikono ya shati, kisha akaisimamisha pasi.

"Ulitaka kujua," alisema. "Nitakwambia, halafu nitakuwa nimemaliza na swali lako. Mama yangu alipokufa nilikuwa mdogo. Juzi yupo, jana hayupo. Nikajua kuna aliyemchukua. Shati likitoka kwenye kamba, kuna mtu kalitoa. Nikamkasirikia. Nilipanda juu ya mapipa nikamrushia vibanio vya nguo, ndoo nzima."

Mama yake Mwalimu alisema kweli! Lakini swali jingine likamchoma papo hapo.

"Ulirusha wapi?"

"Juu."

"Nani alikwambia yuko juu?"

Dobi alifikiri, kisha akamnyooshea kidevu shangazi. Mwalimu akamgeukia, akamuuliza kwa mdomo.

"Ee, ni mimi," shangazi alisema, akijifuta povu. "Mtoto ananivuta gauni siku nzima, anataka mama yake. Nitamwambia nini, naye hasikii? Nikaonyesha juu. Nilitaka anyamaze tu, mwanangu. Nami nilikuwa nalia."

Kumbe alifundishwa, kwa kidole kimoja. Mwalimu alirudi kwa Dobi. "Kwa hiyo ni Shangazi?"

"Shangazi alinionyesha mahali. Kwamba kuna mtu, hilo nilikuwa nalo kabla."

"Una hakika?"

Dobi aliitazama kamba ya nguo. Shuka moja ilidondosha matone sakafuni.

"Hapana," alisema. "Sikuwa na maneno ya kuwekea mambo kwa mpangilio. Vibanio nakumbuka. Kidole nakumbuka. Kipi kilitangulia, sijui." Kisha, bila chuki, akauliza, "Na wewe? Neno unalo tangu utotoni. Yupo?"

Mwalimu aliinua mikono.

"Sijui," alisema.

Dobi alimkodolea macho kwa mshangao wa kweli. Alikuwa amedhani, miezi na miezi, kwamba mwenye neno ana kitu chenyewe pia. Akatikisa kichwa, akachukua shati jingine, akalinyunyizia maji.

"Jumanne nitakuja," alisema. "Nataka yote kumi na mawili. Na mengine uliyoficha, kama yapo."

"Hakuna mengine."

"Nitayauliza kwa mafundi viatu, nihakikishe."

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kumimina chai. Mwalimu akamsimulia bila kupunguza kitu, hata lile la kuficha. Alitarajia mama ashangilie vile vibanio, au agombe. Mama alikiweka kikombe chini polepole.

"Umemnyima mtu neno, binti yangu?"

"Nimemnyima, Mama. Nimemwomba radhi."

"Kisha akasema hajui kipi kilitangulia?"

"Hajui."

Mama aliinuka, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Alifuta kona moja mara tatu.

"Mimi nakumbuka sauti ya bibi yako akiomba," alisema baadaye, mgongo ukiwa umegeuka. "Kabla ya sauti hiyo sikumbuki kitu. Sikuwahi kujiuliza." Akakikamua kitambaa, kikavu kile, akakitundika, akakitoa tena. "Kaa basi, unywe chai. Unanitia kizunguzungu ukisimama hivyo."

"Kaa wewe kwanza," Mwalimu alisema.

Hakuna aliyekaa.