Chumba Kilichoota Nyuma ya Jiko

Jumanne moja ya Machi 1956, Kuluthum alikuwa uani akichambua mchele karani Obura alipopiga hodi, akikokota baiskeli, taipureta imefungwa nyuma kwa kamba ya mkonge. Alikuwa ameitwa na Mzee Alamin, baba yake Kuluthum, aliyewashonea wazungu wa mashamba matandiko ya farasi hadi macho yakagoma. Mzee alitaka kuandikisha wakfu wa nyumba yake ya Bondeni: vyumba sita vya mawe na ua wenye mpera.

"Andika," alisema. "Nyumba naitoa wakfu leo, ningali hai. Haiuzwi, wala haigawanywi nikifa. Ni ya wanangu Ishak na Shariff, halafu wana wao wa kiume, mpaka dunia iishe."

Ujanja wote ulikuwa kwenye hilo la ningali hai. Mzee angekufa bila karatasi, Kuluthum angepata fungu lake. Nusu ya la kaka, lakini fungu. Kilichokwisha kutolewa wakfu hakirithiwi.

"Na mimi, baba?"

"Wewe mwanamke. Nyumba yako iko kwa mume."

"Mume aliniacha mwaka wa arobaini na saba."

"Basi utapata mwingine, inshallah."

Miaka tisa Kuluthum alikuwa amemwogesha baba yake, amemkata kucha, amempondea nyama. Ilimuuma, tena sana. Akamimina chai na kumwongezea Obura sukari, maana mgeni hana kosa.

Kesho yake alfajiri nyumba ilikuwa imeota chumba cha saba, nyuma ya jiko. Kilikuwa na kuta za mawe, dirisha linaloangalia mlima wa Menengai, na bati lililokwisha kushika kutu kidogo. Wangu, jirani muuza viazi, alikuja kuomba kaa la moto, akaugonga ukuta.

"Hata kiazi ukikisahau gizani huota," alisema, akaenda zake na kaa lake.

Mlango wa chumba hicho ulimfungukia Kuluthum peke yake. Mzee alisukuma kwa bega, wapi! Ishak alikuja kutoka Gilgil na fundi mwenye patasi, patasi ikapinda. Shariff alijaribu bismillahi, kisha teke. Kuluthum aliugusa kwa kidole chenye unga, ukafunguka.

"Kumbe nyumba inakutaka," mzee alisema, wala hakukasirika. "Mwiteni karani."

Siku hiyo Kuluthum alipika pilau. Alitia mdalasini uliobaki wa Idi, na akikaanga vitunguu alijikuta akipanga kitanda kikae upande gani. Alikuwa na furaha, jamani, hata akaunguza kidole asihisi.

Obura alipachika karatasi. Mzee akasafisha koo.

"Ongeza hapo chini. Wakfu huu ni pamoja na chumba kilichoota, na vyovyote vitakavyoota baadaye. Vyote ni vya wanangu wa kiume."

Obura alisimamisha vidole. "Na mlango, mzee? Si unafunguliwa na dada pekee?"

"Kwani anaenda wapi? Si yuko hapa hapa?"

Obura akaandika. Pilau ililiwa ikaisha, na Ishak akasema leo imekolea.

Mzee alifariki Agosti. Shariff alihamia na mkewe, wakachukua chumba alichokuwa akilala Kuluthum. Cha nyuma ya jiko Ishak alimpangisha Kemboi, fundi wa baiskeli, mtu mpole asiye na neno na mtu.

Kila jioni Kemboi akirudi kazini husimama mlangoni na kuita kwa adabu, "Dada Kuluthum, nifungulie tafadhali." Kuluthum hutoka jikoni, alikotandika mkeka wake kando ya gunia la makaa, akapangusa mikono, akaugusa mlango. Haujawahi kumkatalia. Kemboi hushukuru, huingia, kisha huufunga kwa ndani.