Mita Nne

Kazi yangu kwenye kamati ya maji ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyoniponza. Kila Ijumaa asubuhi nilifunua kisima, nikashusha kamba yenye nati kubwa mpaka chini, nikaivuta, nikahesabu vifundo vilivyolowa. Kila nusu mita kifundo kimoja. Kisha nikawatangazia waliopanga foleni na ndoo zao. Hakuna aliyebisha. Nilishamfungia zamu shangazi yangu mwenyewe kwa kuchota ndoo ya ziada, akaninunia mwaka mzima, na tangu hapo neno langu kijijini likawa neno.

Ijumaa ile vilivyolowa vilikuwa vitano. Wiki iliyotangulia vilikuwa tisa. Nikahesabu tena, maana macho nayo huzeeka. Vitano.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa nyuma yangu pamoja na fundi wa pampu. Naye alihesabu.

"Sema nne," akaninong'oneza.

"Nne ya wapi, Mwalimu? Ni mbili na nusu."

"Ukisema hivyo watakikausha kabla ya Jumapili. Kila mtu atakuja na mapipa. Sema nne, waendelee na ndoo mbilimbili, tusukume mpaka mvua."

Nikamtazama fundi. Akaangalia viatu vyake. Yule bwana akikaa kimya, ujue ameshakubali.

Jamani, hoja ile ilikuwa na akili, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikageuka, nikapaza sauti: "Mita nne!"

"Basi leo naoga mpaka masikio!" bibi mmoja akasema, na foleni nzima ikacheka. Nikacheka nao, mnafiki mimi.

Jioni akaja mdogo wangu. Ni mjane, ana watoto wawili na alikuwa na mbuzi kumi na tisa. Mbuzi wale ndio walikuwa ada ya shule, ndio dawa, ndio kila kitu. Akakaa jikoni, akavuta ungo, akaanza kunichambulia maharage bila kuombwa.

"Dada, nawaza kuwaswaga mbuzi kwa mjomba, kule bondeni. Bwawa la njiani bado lina maji, ila wiki hii ndiyo mwisho. Lakini watoto nimwachie nani? Wewe ndiye mpimaji. Niende au nibaki?"

Neno lilinifika kwenye meno. Nikamfikiria jirani yake, ambaye mdomo wake hauna breki. Nikafikiria mapipa.

"Si umesikia? Mita nne. Kaa na wanao."

"Afadhali! Nimepumua," akasema, akamaliza ungo mzima.

Ijumaa iliyofuata nikatangaza uongo mwingine. Siku ya kumi na moja pampu ilitoa tope, kisha ikatoa upepo mtupu. Mdogo wangu aliondoka na mbuzi wake asubuhi ileile, akaniachia watoto. Bwawa alilikuta nyufa tupu. Mbuzi wengine walifia pale pale, wengine njiani wakati wa kurudi. Siku ya nne aliingia uani kwangu na mbuzi wawili nyuma yake na mmoja begani. Yule wa begani alipomtua alikuwa ameshakufa.

Nilimshika mikono nikaangua kilio. Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka.

"Usilie, dada," yeye ndiye akanibembeleza. "Maji ni ya Mungu. Wewe ulitangaza ulichokikuta."

Jumamosi watu walikusanyika uwanja wa shule, wamechacha. Walitaka kamati yote ing'oke. Kamati ya kusimamia nini, sijui, tope? Mwenyekiti alitukanwa matusi ambayo wanafunzi wake wa zamani walikuwa wameyatunza miaka mingi. Akasimama kujibu. Akanitazama, akakaa. Fundi hakuja kabisa.

Wote tukaondolewa kwa kauli moja. Ndipo mdogo wangu akasimama, midomo yake bado ina mipasuko ya safari.

"Wengine waende zao," akasema, "lakini dada yangu abaki na kamba yake. Kamati nzima, huyu peke yake ndiye hajawahi kutudanganya."

Akanyoosha mkono. Mikono mingine ikafuata, mmoja baada ya mwingine, hadi wa shangazi. Wakaniuliza kama nakubali.

Nikasema nakubali.